Mti Mpya wa Bunduki Kuukuu

Fort Worth, Texas
9 Februari 2025

Dada Dorothea,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na shemeji Vicent na Fiona. Mimi sijambo, nakohoa kidogo tu kwa ajili ya baridi, na hita ya nyumba hii inapiga kelele zaidi ya kutoa joto.

Ulisema tuandikiane kwa kalamu kwa sababu kwa simu tunaishia kukatiana. Sawa. Ile ya Krismasi nilikata mimi, nakubali. Basi nimenunua bahasha na stempu kama enzi zile niko bweni nawe unaniandikia kutoka chuo cha uuguzi Moshi, unaniuliza kama nimefua shuka.

Brandon yuko Lubbock, mwaka wa pili chuoni. Nikimpigia ananijibu "I'm good, Dad." Nikimuuliza amekula nini, anasema "food." Mama niliongea naye Jumapili, mgongo unamsumbua lakini bado anagombana na mbuzi wake kule Marangu. Alikuulizia. Kazini bado niko ofisi ileile ya bima, nasoma madai ya watu ambao paa zao zimetobolewa na mvua ya mawe. Jioni narudi, nyumba iko kimya.

Jambo lenyewe ni dogo. Mwezi wa kumi na moja mzee mmoja wa mtaa wa pili alifariki, watoto wake wakaweka vitu vyake vyote uani kuviuza. Nilikuwa napita tu. Nikaona bunduki ya Kiingereza, imegongwa chapa ya mwaka 1943, aina ileile aliyoishika babu kwenye picha ya vitani Burma, ile picha iliyokaa juu ya redio ya mzee wetu. Nikainunua. Nilipoanza kuifungua niisafishe, nikaanza na kitako cha nyuma kabla ya kutoa mti wa mbele. Haifunguliwi hivyo. Kuna skrubu ndefu ndani ya kitako, ukiizungusha mti wa mbele ukiwa bado upo, inaupasua. Nilisikia tu ufa unalia. Imevuka vita na miaka themanini, mimi nimeiharibu kwa dakika moja.

Nimeagiza mti mpya, umefika wiki iliyopita. Umebana sana, chuma hakiingii. Ndiyo kazi yangu ya jioni sasa.

Wasalimie wote.

Mdogo wako,
Elia


Pearland
23 Februari 2025

Mdogo wangu Elia,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na doa la kahawa, nikajua ni wewe kweli. Sisi ni wazima. Vicent kaanza kutembea uwanjani asubuhi baada ya daktari kumtisha na sukari, anazunguka mara mbili anarudi kula chapati nne. Fiona anafanya mitihani, namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, nami namjibu Kiswahili, tunaendelea hivyo kama watu wa nchi mbili. Mimi bado niko wodi ya wagonjwa wa moyo, shifti za saa kumi na mbili mfululizo, miguu imevimba kama mikate. Mwaka huu natimiza miaka ishirini na mmoja pale. Nimechoka, lakini nani hajachoka.

Kikohozi kunywa tangawizi, na usinywe zile dawa za chupa mbili mbili kwa pamoja. Nakujua.

Sasa, bunduki, Elia? Watu wetu wakifiwa wanapanda migomba, wananunua ndama, wanajenga kaburi kwa vigae mpaka majirani waseme. Wewe umenunua bunduki. Ya babu hatukuwahi hata kuiona, tuliona picha tu, na babu mwenyewe alikuwa hataki hata kuzungumzia mambo ya Burma. Kama ni picha, ninayo nakala, nitakutumia uitundike.

Nakuuliza kama dada yako: bunduki ya nini, na wewe unakaa peke yako?

Kuna mistari mitatu nimeikata hapo chini. Usijisumbue kuisoma kwa kuweka karatasi kwenye taa. Nilitaka kusema jambo, nikaona bado.

Kula vizuri.

Dada yako,
Dorothea


Fort Worth
30 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Barua yako ilikuwa juu ya friji mwezi mzima, kila nikichukua kalamu napata usingizi. Siku hizi nalala sana, ila usingizi wenyewe hauniondolei uchovu. Tangawizi nimekunywa, kikohozi kimeisha. Brandon hajambo.

Karatasi sikuiweka kwenye taa.

Nikueleze kazi ya mti ilivyo, wewe mtoto wa fundi seremala utaelewa. Unakumbuka mzee alivyokuwa akiunganisha miguu ya kiti? Anachukua masizi ya chini ya sufuria, anapaka ulimi wa mbao, anausukuma kwenye tundu, anauchomoa. Palipopata weusi ndipo panapobana, anakwangua hapohapo kidogo kama kucha, anapaka tena, anarudia. Alikuwa hagongi nyundo kabisa. Fundi mwingine akigonga, mzee aliinuka akaenda zake nje.

Na huu mti ni vilevile. Chuma lazima kikae kimebana pande mbili sawasawa. Ukilazimisha leo, siku bunduki itakapopigwa mti utapasuka. Kwa hiyo natafuta panapobana. Ila mimi natumia jiko la umeme, masizi nitayatoa wapi? Nikahangaika na kalamu, na unga wa mkaa wa kuchomea nyama, havishiki. Mwisho nikafungua mkoba wa marehemu Ndeshi.

Upo palepale alipouacha, kwenye ndoano nyuma ya mlango wa chumba chetu. Nikatoa lipstiki yake nyekundu, ile ya kwendea kanisani. Inashika vizuri mno. Napaka kwenye chuma, nabana kwenye mti, natoa, alama zake zinabaki kwenye mti, nakwangua, nafuta chuma kwa kitambaa, napaka tena. Jioni moja nafanya mara mbili tu, wakati mwingine mara moja. Haina haraka.

Mengine: nimempa Leonce suti zangu tatu, zinamtosha yeye kuliko mimi. Gari nimebadilisha hati, nimeiandika jina la Brandon. Na ile albamu ya picha za nyumbani nitakutumia wewe, inakaa bure hapa. Nimepanga karatasi za nyumba kwenye faili moja la bluu, liko droo ya juu ya meza.

Nimechoka dada, naishia hapa.

Elia


Pearland
5 Aprili 2025

Elia,

Leo sitaanza na habari za Vicent.

Nimeisoma barua yako nikiwa kwenye gari, maegesho ya hospitali, kabla ya kuingia shifti. Nimeingia nikiwa nimechelewa, kwa mara ya kwanza tangu nianze pale. Mimi nimeuguza watu, Elia. Nimekaa na wake zao na mama zao kwenye viti vya plastiki baadaye, wananiambia, "Lakini alikuwa ametulia, alikuwa anapanga vitu vyake, aligawa nguo." Suti, gari, albamu, faili la bluu, na bunduki juu ya meza. Unafikiri naandikiwa na mtu nisiyemjua?

Nakuuliza, na nataka jibu, si habari za masizi. Unataka kujiua?

Nimekupigia mara kumi na moja, hupokei. Nimempigia Leonce huko Arlington nikamwomba aje kwako baada ya kazi. Usimkasirikie. Ni rafiki yako tangu sekondari na hizo suti alizipokea bila kufikiri, sasa ameniambia zinamkaba.

Kuna namba ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Tisa, nane, nane. Wanasikiliza watu wenye mawazo hayo, wanapokea saa yoyote. Chini yake kuna ya daktari wa huko Fort Worth niliyeulizia kwa wenzangu, anaongea na watu taratibu. Au nipigie mimi, tukatiane simu hata mara hamsini, nitapiga tena.

Nijibu.

Dorothea


Pearland
27 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Wiki tatu. Leonce anakuja kwako kila siku ya pili, ananiambia unamfungulia, unamchemshia chai, unaongea mambo ya mpira, halafu unarudi kukwangua mti naye anaangalia. Anasema humjibu akiuliza. Anasema amekuomba aondoke na hiyo bunduki, ukasema haijaisha. Amekuomba uje kwetu, ukasema utafikiria. Niliomba likizo nije, nikafika mpaka Huntsville nikageuza gari. Nimekaa pale kituo cha mafuta nusu saa. Unajua kwa nini niligeuza? Kwa sababu sistahili kugonga mlango ule. Sikuugonga siku ilipotakiwa.

Sasa naandika ile mistari mitatu.

Mwaka jana mzee tulimzika Marangu Jumamosi. Jumapili mchana ukanipigia kwamba Ndeshi amefariki hospitalini. Ulizika Jumamosi iliyofuata. Nilikuambia ndege zimejaa, nikasema tena kwa Brandon, nikasema kwa wanajumuiya wa hapa. Si kweli. Nilikuwa na tiketi ya kunifikisha Dallas Alhamisi. Vicent aliipata, akanitumia kwa simu, nikaiangalia na kuifunga. Nikalala kitandani kwa mama, nikajifunika shuka mpaka kichwani. Nilikuwa nimemwosha mzee kwa mikono yangu. Sikuweza kuona jeneza jingine, na sikuweza kukuona wewe umesimama pembeni ya jeneza. Nilichoka, Elia. Nikakuacha umzike mkeo ukiwa na mtoto wa miaka kumi na nane na watu wa kanisa. Ndeshi aliyenisuka nywele siku ya harusi yangu mpaka vidole vikamuuma.

Ndilo hilo.

Ndani ya bahasha kuna jani la isale. Nimelitafuta maduka ya maua ya Pearland yote, nikaenda mpaka Stafford, nimelipata huko, nimelifunga fundo. Unajua maana yake, sina haja ya kukufundisha. Anayeletewa isale hakatai kusamehe. Mzee alimsamehe yule jirani aliyesogeza mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba, kwa ajili ya isale tu, akilipokea huku anatukana.

Naomba mawili. La kwanza, unisamehe. La pili, unitumie kipande kimoja cha hiyo bunduki, kile ambacho bila hicho haipigi. Mimi sijui kinaitwaje, wewe ndiye fundi. Vilivyobaki kwangua upendavyo.

Dada yako anayekusubiri,
Dorothea


Fort Worth
18 Mei 2025

Dada Dorothea,

Shikamoo. Hapa ni salama. Brandon amefunga chuo, yuko nami tangu Jumatano, analala mpaka saa sita mchana na kumaliza maziwa. Mama mgongo umepungua. Leonce amekataa kurudisha suti, anasema atazipanua.

Kwanza, dada, hili ulilonitumia si isale. Hili ni lile ua linalokaa kwenye glasi ya maji kwenye migahawa ya Wachina, lenye utepe mwekundu kiunoni. Isale la nyumbani lingeweza kumfunika mtoto mgongo, hili halifiki hata kiganja. Umeuguza mioyo ya Wamarekani miaka ishirini na mmoja mpaka umesahau majani ya mpaka wa kihamba cha babako. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, na Leonce naye alipoliona akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho nimecheka ndani ya nyumba hii.

Lakini fundo ni lako. Nalijua, unafunga kama bandeji, ncha imerudishwa ndani. Nikaliweka mezani karibu na patasi.

Sikukujibu upesi kwa sababu nilikasirika. Mwaka mzima nimekutetea. Ndugu wa Ndeshi waliponiuliza, "Dada yako yuko wapi?" nikawaambia ndege zimejaa. Mama yake aliposema vibaya, nikamwambia anyamaze, dada yangu angekuja kwa miguu kama ingewezekana. Kumbe tiketi ilikuwepo. Siku tatu nilikuwa naongea na wewe peke yangu jikoni, maneno ambayo sitayaandika. Jani likawa linanyauka, nikaona litakauka kabla sijasema chochote, na nikaogopa. Nimekusamehe. Hata mimi siku ile ningekuwa na shuka ningejifunika. Nimesema kwa mdomo, mbele ya Leonce, kama inavyotakiwa.

Sasa swali lako. Sikujibu kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo, na si kila siku. Niliponunua ilikuwa kwa ajili ya picha ya babu, nakuapia. Januari ndipo mawazo mengine yalipoanza. Nikajiambia nikimaliza kuufunga mti ndipo nitajua nitafanya nini. Risasi sikununua. Nilifika dukani mara moja, nikakaa kwenye gari, nikarudi. Baada ya hapo nikawa nakwangua taratibu. Jioni mara moja, halafu nusu, jioni nyingine nashika patasi tu bila kukwangua. Sikuwa natafuta panapobana tena, dada. Panapobana nilipaona tangu Machi. Nilikuwa naogopa kumaliza.

Lipstiki ndiyo iliyoisha. Jumatatu iliyopita nilikwangua ya mwisho kwa kijiti cha kiberiti kutoka chini ya kopo lake. Nikapaka, nikabana, chuma kikakaa. Pande mbili sawasawa, alama sawa kulia na kushoto. Nilisukuma kwa dole gumba tu. Mzee angepitisha ukucha kwenye kiungo usinase, akaenda kunawa mikono. Nikafunga skrubu, nikaitazama, ikawa imekwisha. Nikakaa nayo hapo mezani. Nikaona saa imefika ya kujua, kama nilivyojiambia.

Nikachukua jani lako. Nikafungua bunduki nikatoa bolti, lile komeo la chuma unalolivuta nyuma kabla ya kupiga. Ndilo hilo kwenye boksi. Bila hilo ni mti na bomba tu. Nimeuliza, kulituma peke yake kwa posta si kosa. Karani alinitaka niseme ni kitu gani, nikamwambia ni kipuri.

Bunduki nimeitundika ukutani chini ya picha ya babu uliyonitumia. Brandon ameniuliza ni ya nini, nikamkalisha chini nikamweleza yote, kwa Kiingereza ili asikie vizuri. Hakusema "I'm good." Alihamisha godoro lake akalileta chumbani kwangu. Faili la bluu amelificha yeye.

Yule daktari nimemwona Jumanne na nitarudi Jumanne nyingine. Anaongea taratibu kweli, mpaka nasinzia. Sijapona. Asubuhi bado ni nzito, nisikudanganye, na bado usingizi hautoshi. Ila nimeanza kupokea simu.

Mdogo wako,
Elia


Pearland
1 Juni 2025

Mdogo wangu Elia,

Marahaba, marahaba tena. Vicent kapungua kilo mbili na anazitangaza kama mbunge. Fiona amefaulu. Miguu yangu ni ileile. Nimeomba kuhamishwa shifti za mchana tu, wamesema wataangalia.

Kuhusu isale, nyamaza. Muuzaji aliniambia ni la ukoo huohuo. Nimempigia mama nikamweleza, akacheka akaita watu wa jirani waje kusikia. Nimeharibikiwa jina Marangu yote kwa ajili yako.

Boksi lilifika Alhamisi. Fiona alilipokea akaniuliza, "What is this thing?" Nikamwambia ni kitu cha mjomba wako, namwekea. Nimelifungia kwenye kabati la chuma kazini kwangu, pamoja na viatu vyangu vya akiba, na ufunguo ninao shingoni na msalaba. Ukilitaka siku moja njoo tuongee mimi na wewe na huyo daktari wako, nisikie anasema nini. Kabla ya hapo usiniombe. Hata ukileta isale, tena la kweli.

Mje wewe na Brandon tarehe ishirini na moja. Ni Jumamosi, siko zamu. Mtakaa wiki. Nimepika machalari kwa majaribio, ndizi za hapa zinakuwa tamu ovyo, lakini tutakula hivyohivyo. Namba ya mama yake Ndeshi nitakuomba ukifika. Nitampigia mwenyewe nimwambie ukweli wa ile tiketi, wewe ukae pembeni unywe chai.

Jingine. Bolti ulilifunga kwa kitambaa, kile ulichokuwa unafutia chuma. Hukuniambia, nadhani hata hukufikiri, ulichukua tu kilichokuwa karibu. Nimekifungua jikoni, kimejaa wekundu pande zote. Nikakinusa. Bado kinanukia yeye, Elia, yeye na mafuta ya bunduki, lakini yeye. Nilisimama pale na sufuria iko motoni mpaka Vicent akaja kuzima jiko. Tangu siku uliponipigia sikuwa nimemlilia, nilidhani nimekuwa chuma. Siku hiyo nililia mpaka nikakaa chini. Kitambaa sijakifua na sitakifua.

Nimechelewa mwaka mmoja na miezi mitatu kwenye msiba wa wifi yangu. Nimefika.

Dada yako,
Dorothea